Msamaha wa Kabla ya Kosa

Kigingi kilikuwa na adabu kuliko watu wengi ambao Haikaeli alipata kuishi nao, na hilo ndilo lililomchosha.

"Banda la ng'ombe nimelisogeza upande wa machweo," kilisema, "ili upepo usilete harufu jikoni. Mtambo wa gesi ya samadi utakaa hapo uliposimama. Tafadhali sogea kidogo."

Haikaeli akasogea, huku akisonya. Maisha yake yote alikuwa akisogezwa. Kihamba cha baba yao, shamba la urithi kule juu mlimani, kaka zake walikigawana, yeye wakamwambia ataolewa. Alipoolewa, na mume akafa, shemeji zake wakamwambia hana mtoto wa kiume wa kurithi. Akaenda pwani, akapikia mafundi wa kituo cha kurusha vyombo vya angani mpaka mvi zikamtoka, na kwa kiinua mgongo chake akanunua kipande hiki cha nyika, chini kabisa ambako Mlima unaonekana kwa mbali na upara wake usio na theluji. Ardhi ya kwanza kuwa na jina lake. Na sasa kuna chuma kinamwambia apishe.

Sheria ilikuwa sheria. Anayenunua shamba jipya nyikani hachimbi hata shimo la choo kabla ya kupigilia kigingi: nguzo nyembamba ya chuma yenye kofia ya sola, urefu wake unakufika kiunoni, na chini yake nyuzi laini zinazotambaa udongoni zikisikiliza unyevu, mwamba na mchwa. Kikishasikiliza shamba zima, ndipo kinapopanga. Mifugo hapa, miti pale, nyaya za umeme zipite huku, choo kikae kule. Ukibisha kinakueleza tena taratibu, kwa sauti ileile.

"Na minyweshi?" aliuliza Haikaeli.

"Minyweshi itapandwa upande wa macheo, karibu na mpaka."

Minyweshi ndiyo iliyokuwa roho ya shamba. Mvua zilikuwa zimegeuka hadithi za bibi, na mabomba ya serikali yaliishia barabara kuu. Mtu wa nyikani aliishi kwa miti hiyo iliyobuniwa maabara, yenye mizizi inayofuata maji popote yalipo na shina nene linaloyahifadhi. Chini ya shina huota chuchu ya gome. Unachuchumaa na ndoo asubuhi na jioni, unaukamua mti, maji yanatoka ya uvuguvugu. Mti wenyewe unaulisha chumvi na samadi, na mizizi yake huongozwa na kigingi kwa mishtuko midogo ya umeme inayopita kwenye zile nyuzi, maana ukiiachia inakwenda itakako.

"Umeanza kuongea na chuma, au bado unaongea peke yako?"

Sauti ilitoka ng'ambo ya ua wa masale uliokuwa mpaka. Mama Ndeshi alikuwa amesimama na ungo wa maharage kiunoni, mwanamke mkavu wa umri kama wake, mwenye macho ya mtu aliyekuja kuhesabu makosa.

"Habari za asubuhi, jirani," alisema Haikaeli.

"Jirani yako nani? Hapo uliposimama nimelisha ng'ombe tangu nilipoletwa hapa bibi harusi. Shemeji yangu kauza kinyemela, kala, kakimbilia mjini. Wewe umenunua wizi, halafu unanipa habari za asubuhi."

"Nimenunua kwa hati, mae," alisema Haikaeli, akimwita mama kwa lugha ya Mlima.

"Wizi wenye hati," alisema Mama Ndeshi, akaendelea kupeta.

Hapo kigingi, kwa adabu zake, kikamsalimu na kumweleza kwamba kisheria jirani lazima aulizwe: je, anapinga mizizi ya minyweshi kupita chini ya ardhi yake? Mama Ndeshi hakukiangalia. Alimwangalia Haikaeli.

"Napinga. Kesho ukiniuliza napinga. Hata siku ya mazishi yangu njoo uniulize jenezani, utasikia napinga."

"Pingamizi limepokelewa," kilisema kigingi.

* * *

Minyweshi ilikua haraka, kama ilivyoahidiwa, ila ilikua mikame. Majani yake yalijikunja. Haikaeli alichuchumaa kila asubuhi akavuta chuchu za gome mpaka vidole vikamuuma, na maji yaliyopatikana yalimtosha yeye na kuku. Ng'ombe wake wawili na mtamba mmoja walisimama bandani wakilamba kuta. Miche ya parachichi ilikuwa inakufa mmoja mmoja, na kila uliokufa kigingi kilimpa pole.

"Pole zako hazinyweki," alikiambia. "Maji yako wapi?"

"Chini ya ardhi ya jirani," kilijibu. "Kuna mkondo mdogo unaoshuka kutoka kwenye mfongo wa zamani, mfereji wa wazee uliokufa juu ukabaki hai chini. Ndio unaolisha kisima chake. Mizizi yako imekwisha kuusikia. Inakwenda huko kila usiku, na kila usiku mimi naizuia."

Haikaeli alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Ukiacha kuizuia?"

"Utakuwa na maji ya ng'ombe, ya bustani na ya nyumbani. Kisima chake kitashuka."

"Kitakauka?"

"Kitabaki tope."

Aligeuka akautazama ule ua wa masale. Kutoka ng'ambo ulisikika mlio wa kapi la kisima, na ndoo ikipanda imejaa, ikimwagika kidogo kwa kushiba. Mama Ndeshi alikuwa na ng'ombe mmoja tu na migomba iliyozunguka kaburi la mumewe. Mtu mmoja, ng'ombe mmoja, na maji yote hayo. Haikaeli alijisikia kumchukia kwa moyo mweupe kabisa, bila hata haya.

"Pingamizi lake linaondokaje?"

"Akiliondoa mwenyewe, akihama, au akifariki. Au mkipatana kwa desturi inayotambuliwa na watu wa hapa, mbele ya shahidi."

"Isale je?"

"Isale limo. Isale likipokewa, kosa lililotajwa limesamehewa, na pingamizi linalohusu kosa hilo linafutwa."

Watu wa Mlima hawahitaji kuelezwa haya, lakini wengine wasikie. Isale ni jani la ule mmea wa mpakani. Ukimkosea mtu, hata kosa la damu, ukaenda kwake na jani la isale ulilolifunga fundo, hana ruhusa ya kukukatalia. Atakuchukia akitaka, ila msamaha atautoa, na akishautoa hautaji tena ule ugomvi, si mbele ya watu wala mbele ya Mungu. Wazee waliuweka mlango huo ili watu wasimalizane kwa mapanga.

Sasa nisimpake mtu mafuta kwa mgongo wa chupa: Haikaeli alijua anachofanya. Hakuna aliyemdanganya, wala kigingi hakikumshauri. Alilala na wazo hilo, akaamka nalo, akalikuta bado ni lake.

* * *

Alikata jani kwenye uleule ua wa mpakani, akalifunga fundo, akampitia Balozi Mmari wa nyumba kumi awe shahidi, mzee mnene mwenye kupenda amani hasa ikiwa na pombe ya mbege ndani yake. Wakamkuta Mama Ndeshi kibarazani akipukuchua mahindi. Aliliona jani kabla hajawaona wao. Mikono yake ikasimama.

Haikaeli akapiga magoti. Magoti yalimuuma kweli, na hilo lilimsaidia kuonekana mnyonge.

"Mae, tangu nije nimekujibu vibaya. Nimekaa juu ya ardhi uliyoizoea bila kuja kukuona, bila hata kukuletea kibuyu cha maziwa. Naomba unisamehe niliyokukosea, na nitakayokukosea katika mpaka huu."

Balozi akainua nyusi. "Nitakayo?"

"Sisi ni majirani, Balozi. Hata vyombo kabatini hugongana."

"Kweli hiyo," alisema Balozi, akacheka, akaona jambo limeisha.

Mama Ndeshi hakucheka. Alilitazama lile jani muda mrefu, na Haikaeli, akiwa pale chini, alianza kuomba moyoni alikatae. Naam, aliomba hivyo. Likikataliwa atarudi nyumbani akiwa ameshindwa na mikono misafi.

"Mama mkwe wangu alinifundisha," alisema Mama Ndeshi polepole, "kwamba isale hulikatai hata likiletwa na aliyemuua mwanao. Wewe hujaniulia mtu." Akanyoosha mkono akalichukua. "Nimepokea. Ya nyuma na ya mbele. Lakini sikupendi, na usizoee kuja."

"Si lazima unipende."

"Haya. Inuka, unanivunjia mahindi."

Aliporudi kwake hakwenda hata jikoni. Kigingi kilikuwa kimesikia yote kupitia kadi ya Balozi, maana siku hizo hata mabalozi walikuwa na masikio mengine mfukoni.

"Pingamizi limefutwa," kilimwambia. "Je, niiachie mizizi? Nahitaji sauti yako."

"Iachie."

"Unafahamu kitakachotokea kwa kisima cha jirani?"

"Nimesema iachie."

* * *

Maji yalikuja. Kwanza majani yalijikunjua, kisha mashina yakavimba, na asubuhi moja Haikaeli aligusa chuchu tu, ndoo ikaanza kuimba. Alikamua akicheka peke yake. Ng'ombe walikunywa mpaka matumbo yakasikika. Miche ya parachichi iliyosalia ilitoa majani mapya, akapanda migomba, akapanda kahawa kando ya choo jinsi kigingi kilivyopanga, na gesi ya samadi ikawaka buluu jikoni. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuna aliyemwambia asogee. Alitandika mkeka mlangoni akakaa tu, akilitazama shamba lake, na akawa na furaha.

Alisubiri matusi. Alikuwa amekwisha kuyaandalia majibu, tena majibu mazuri. Kila siku alisikia kamba ya kisima cha ng'ambo ikishuka ndefu zaidi, na kapi likilia zaidi, na ndoo ikipanda kimya bila kumwagika. Tusi halikuja. Kanisani Mama Ndeshi alikaa benchi la mbele yake, shingo imenyooka, na baada ya ibada alipita bila kusema chochote. Balozi alipokutana na Haikaeli njiani alimsifia mtamba wake, akamwambia kumbe wanawake wakitaka amani wanaiweza. Hakuwa ameambiwa kitu. Hakuna mtu aliyekuwa ameambiwa kitu.

Ukimya ule ulimla. Angetukanwa angelala. Siku moja, jua likiwa la utosi, aliivuka ile njia ya katikati ya masale bila kualikwa.

Mama Ndeshi alikuwa amechuchumaa kando ya kisima, akichuja kwa kanga. Juu ya kanga lilibaki tope jekundu, na chini yake, sufuriani, maji ya rangi ya chai. Ng'ombe wake alikuwa amelala kivulini, mbavu zimemtoka. Migomba ilikuwa imeinama yote, ile ya kaburini pia.

"Kisima kina nini?" aliuliza Haikaeli, na papo hapo akajichukia kwa kuuliza.

"Kimeshuka."

"Tangu lini?"

"Unajua tangu lini."

Kanga ikaendelea kudondosha.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Si nilipokea isale." Mama Ndeshi alikamua kanga kwa mikono miwili, hakuinua uso. "Uliposema 'nitakayokukosea' nilikusikia, masikio ninayo. Nilidhani ni mbuzi. Nilidhani utafuga mbuzi, watavuka, watakula maharage yangu, na mimi nitanyamaza. Nikasema moyoni, basi, maharage si kitu."

Yale majibu mazuri ya Haikaeli yote yalikuwa ya mtu anayetukanwa.

"Nitukane basi."

"Sikutukani. Nimekusamehe." Alilisema neno hilo kwa chuki ya wazi, na bado lilikuwa la kweli, na Haikaeli alilisikia hivyo.

"Njoo uchote kwangu. Asubuhi na jioni, chota unavyotaka."

"Maji yangu nije niyapigie hodi kwako na ndoo? Heri tope, mae. Tope halijaniomba radhi." Sasa akainua uso. "Ndeshi ananiita nihamie kwake mjini. Ng'ombe nitauza kwa mchinjaji, nani mwingine atamnunua? Nikiondoka, baba yake Ndeshi atabaki hapo kaburini na mashina makavu ya migomba. Sikwambii ili unihurumie. Umeuliza, nimekujibu. Sasa nenda kwako."

* * *

"Irudishe mizizi," alikiambia kigingi.

"Mzizi haurudi nyuma," kilijibu. "Ukishaonja mkondo, mishtuko yangu hauijali tena. Njia ni kuikata miti. Mnyweshi ukikatwa chini ya chuchu unakufa na mizizi yake."

"Nikate nusu."

"Imekwisha kuungana chini. Ukibaki mmoja utanyonya kwa mizizi ya yote. Aidha, miti iliyosajiliwa haikatwi bila sababu. Zinazokubalika ni ugonjwa, ambao haupo, au pingamizi la jirani, ambalo limefutwa."

Akarudi ng'ambo siku ileile. Mama Ndeshi alikuwa anafunga mabunda ya nguo kibarazani. Haikaeli alisimama mbali kidogo, kama mdai asiye na uhakika wa deni lake.

"Rudisha pingamizi lako. Sema tu neno moja, kigingi kitakubali, nami nitaikata miti yote."

"Isale halirudishwi."

"Balozi anaweza..."

"Balozi hana lake hapa." Mama Ndeshi aliketi juu ya bunda. "Unajua unachotaka? Unataka mimi nikukataze. Ukate kwa sababu nimekukataza, ili kesho ng'ombe wako wakifa useme yule mwanamke ndiye aliyenifilisi. Usinifanye panga lako. Ukitaka kukata, kata. Usipotaka, kunywa. Mimi nimeshakusamehe yote mawili."

Haikaeli alirudi kwake polepole. Aliketi juu ya mkeka mlangoni, pale alipokuwa akikaa na furaha yake, akaitazama miti. Sheria ilikuwa upande wake. Desturi ilikuwa upande wake. Hata yule aliyeumizwa alikuwa ametamka, mbele ya shahidi, kwamba hana kinyongo cha kudai. Dunia nzima ilikuwa imempisha, kwa mara ya kwanza, na kilichobaki njiani ni yeye mwenyewe. Aliwaza kuhusu kaka zake waliogawana kihamba. Na wao sheria ilikuwa upande wao, na mila, na hata mama yao mzazi alikuwa amenyamaza. Alijiuliza kama waliwahi hata siku moja kukosa usingizi. Hakuwahi kuwaona wakikosa.

Mtamba alilia bandani. Ulikuwa wakati wa kukamua. Haikaeli aliinuka, akachukua ndoo, akakamua miti yote mpaka chuchu zikatoa hewa, akawanywesha ng'ombe mpaka wakakataa, akajaza kila chombo alichokuwa nacho, mapipa, masufuria, hata beseni la kuogea. Kisha akaenda kuchukua panga nyuma ya mlango.

"Nakuona umeshika panga," kilisema kigingi. "Nikukumbushe kwamba bila minyweshi mpango wa shamba hili unavunjika wote. Banda, bustani, kahawa, gesi. Sitaweza kuupanga upya, hakuna cha kupanga."

"Nimesikia."

"Na nitalazimika kuandika sababu. Hakuna pingamizi la jirani."

"Lipo pingamizi."

"La nani?"

Mti wa kwanza ulikuwa mnene, gome lake la uvuguvugu, na pigo la kwanza lilitoa maji yaliyomrukia usoni na kifuani. Alijifuta kwa kiwiko, akapiga tena.

"Langu," alisema.

"Wewe ndiye mwenye shamba. Utaratibu hauna nafasi ya mwenye shamba kujipinga."

"Basi litafutie nafasi."

Ng'ambo ya ua kulikuwa na mtu amesimama, Haikaeli alimwona kwa pembe ya jicho, lakini mtu yule hakusema asante wala hakusema pole, na baadaye akaondoka akarudi kwenye mabunda yake, kuyafunga au kuyafungua, haikujulikana.

"Nimeandika," kilisema kigingi hatimaye. "Haikaeli Temu dhidi ya Haikaeli Temu. Ng'ombe wako watakunywa nini maji ya mapipani yakiisha?"

Hakujua. Mti ulilala, maji yakatambaa kwenye vumbi yakielekea mpakani. Alilichomoa panga, akauendea wa pili.